Umejua Kutengeneza Tovuti. Sasa Utalipwaje?

Kama umewahi kumtengenezea mtu tovuti halafu akakulipa kwa soda, chapati mbili na "Mungu akubariki kijana wangu", makala hii ni yako.

Tuseme uko Salama, pale kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, kaunti ya Makueni. Ulianza kujifunza HTML na CSS kwa simu, kisha ukapata laptopu ya mtumba, ukaongeza JavaScript kidogo kidogo usiku, video moja baada ya nyingine na masomo ya bure ya freeCodeCamp. Umetengeneza ukurasa wa kwaya, ukurasa wa harusi ya binamu, na tovuti ya duka la mjomba ambayo mjomba mwenyewe hajawahi kuifungua. Kazi unaiweza. Shida ni kwamba mpaka leo bando ni lako, umeme ni wako, na hata jina la tovuti unalilipia kutoka mfukoni mwako.

Wengi wakifika hapa hufikiri kinachowazuia ni kujua lugha nyingine moja ya programu. Wanaingia React, wakitoka huko wanasikia kuna kitu kipya zaidi, mwaka unaisha na bado mjomba hajalipa. Kwa maoni yangu kinachokosekana si lugha. Ni bei iliyosemwa mapema, pesa inayoingia mahali panapojulikana, na rekodi ya hiyo pesa. Fundi wa kuchomelea vyuma hajui JavaScript lakini hilo analijua vizuri. Ukitaka geti, anapima, anakwambia bei, na hashiki chuma hata kimoja kabla hujatoa pesa ya vyuma. Hakuna anayemwona mbaya.

Mteja wa kwanza hayuko Konza

Vijana wa upande huu wamekua wakisikia habari za Konza. Ujenzi wa jiji hilo la teknolojia ulizinduliwa Januari 2013, na kutoka Salama ni mwendo mfupi tu wa matatu kurudi upande wa Malili. Ni vizuri likikua. Lakini ukikaa ukingoja ofisi kubwa ya Konza ikuite, utangoja huku wateja wakipita mlangoni kwako.

Angalia mji wenyewe. Salama inaishi kwa barabara. Malori yanasimama, abiria wanashuka kula, kuna gesti, gereji, maduka ya vifaa vya ujenzi, nyama choma. Ukiingia ndani kidogo kuna shule za kibinafsi, vyama vya akiba, makanisa, na wakulima wa maembe na machungwa ambao wanunuzi wao wako Nairobi na Mombasa. Dereva anayetaka kulala akiwa bado yuko Mtito Andei anatafuta kwenye simu. Gesti isiyoonekana kwenye simu yake, kwake haipo.

Ukienda kwa mwenye gesti usianze na maneno ya kompyuta. Muulize: wageni wako wanakupata vipi? Wangapi hupiga simu kuuliza bei halafu hawaji? Kuna mtu aliwahi kusema amelipa chumba na pesa haikuonekana? Akianza kukujibu, hapo ndipo kazi yako ilipo. Yeye hanunui tovuti, ananunua mgeni aliyefika na pesa iliyoingia. Ukimwelewa hivyo, hata bei itakuwa rahisi kuieleza.

Bei, na pesa ya vyuma

Nitatoa mfano wa hesabu. Namba ni za mfano tu, weka zako.

Unataka kazi yako iwe na thamani ya shilingi 1,500 kwa siku, na tovuti ya gesti itakuchukua siku 10. Hiyo ni 15,000. Bando na nauli, 1,500. Jina la tovuti, lile la .co.ke ambalo mafundi huliita domeni, pamoja na nafasi kwenye seva kwa mwaka mmoja, tuseme 5,000. Jumla 21,500.

Sasa tazama vizuri, kwa sababu hapa ndipo vijana huumia. Ile 5,000 si yako. Inapita mkononi mwako tu kwenda kwa wenye domeni na seva. Kwa hivyo dipoziti isiwe nusu ya jumla kwa kukisia. Iwe 5,000 yote, pamoja na nusu ya zile 16,500 zilizobaki, yaani 8,250. Mteja anatuma 13,250 kabla hujaanza. Akighairi katikati ya njia, wewe hujalipia seva ya gesti ya mtu mwingine.

Halafu iandike. Mimi niliwahi kutengenezea biashara moja tovuti kwa maneno ya mdomo. Nilisema "elfu kumi hivi". Mwenyewe akasikia elfu kumi pamoja na nembo, pamoja na picha, pamoja na marekebisho ya milele. Mwezi wa tatu nilikuwa bado nabadilisha rangi ya kitufe. Sikudhulumiwa. Sikuwa nimesema kazi inaishia wapi, basi haikuisha.

Si lazima uende kwa wakili. Ujumbe wa WhatsApp unatosha kuanzia:

"Habari ya jioni mama. Asante kwa kunipokea leo. Kama tulivyoongea, tovuti ya gesti itakuwa na kurasa 4: mwanzo, vyumba na bei, ramani, na pa kulipia. Bei ni 21,500. Ukituma 13,250 nitaanza Jumatatu. Ndani yake kuna 5,000 ya jina la tovuti na seva kwa mwaka mmoja. Salio la 8,250 utalipa ukishaiona na kuridhika, kabla sijaifungua kwa watu wote. Marekebisho mara mbili ni bure, yakizidi hapo tutaelewana bei. Ukikubali niandikie tu sawa."

Hilo neno "sawa" lihifadhi. Siku mkibishana, litakusaidia kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Kuna watu watakaokataa dipoziti. Wengine wana sababu nzuri, wameshawahi kuliwa na fundi aliyetoroka. Kwa mtu kama huyo igawe kazi vipande vitatu: alipe domeni na seva mwenyewe moja kwa moja, ukurasa wa kwanza ukionekana alipe sehemu, ukimaliza amalizie. Lakini anayetaka kazi yote kwanza halafu "tutaongea", huyo mwache aende. Najua inauma ukiwa huna mteja mwingine.

Pesa ikiingia

Tenga pesa ya kazi na pesa ya nyumbani. Kama malipo ya wateja yanaingia kwenye laini ile ile unayotumiwa pesa ya chama na unayonunulia unga, mwisho wa mwezi huwezi kujua kama kazi inakulipa au unailipia. Chukua Till, au Pochi la Biashara, au laini ya pili kama huna budi. Soma ada zake kabla ya kuchagua, kisha kila Ijumaa ujitumie kiasi fulani kama mshahara. Kinachobaki ni cha biashara: bando, domeni za wateja, na siku laptopu itakapokufa.

Jingine ni taarifa ya miamala. Kwa M-Pesa unaweza kuiomba kupitia *334#. Ipakue kila mwezi na uiweke. Ukienda kuomba mkopo wa laptopu mpya kwenye chama cha akiba, karatasi inayoonyesha malipo ya wateja miezi sita mfululizo inasema mengi kuliko "mimi ni dereva wa kompyuta", kama alivyojitambulisha jamaa mmoja ninayemjua.

Na sasa wezi. Mtu anayefanya kazi na watu asiowajua vizuri, wengine hajawahi hata kuonana nao, ni windo rahisi. Mteja akikutumia picha ya ujumbe wa malipo, hiyo ni picha tu. Hata ujumbe uliofika kwenye simu yako uutazame: umetoka kwa nani, na je, salio lako limebadilika? Angalia salio kwenye menyu yako mwenyewe kabla hujakabidhi tovuti.

Wizi mwingine huja kwa upole. Mtu anasema, "Samahani ndugu, nimetuma 31,250 badala ya 13,250, nirudishie 18,000 kwa hii namba nyingine." Usirudishe kwa namba nyingine, hata akilia. Mwambie aombe kurudishiwa kwa njia rasmi ya mtandao aliotumia. Kwa M-Pesa, mtumaji anapeleka ule ujumbe wa muamala kwa 456. Njia hiyo hiyo inaweza kutumiwa vibaya dhidi yako, mteja akilipa salio, akapata tovuti, kisha akadai alikosea namba. Hapo ndipo ule ujumbe wenye bei na "sawa" unakuwa ushahidi wa pesa ilikuwa ya nini. PIN yako, bila shaka, haimhusu mteja wala anayejiita mfanyakazi wetu.

Kitu ambacho fundi wa Ulaya hawezi kumfanyia mama wa gesti

Kurasa nzuri zinatengenezwa kila mahali duniani, na siku hizi hata programu za kompyuta zinazitengeneza kwa dakika chache. Faida yako wewe wa Salama ni kujua jinsi watu wa hapa wanavyolipa. M-Pesa ilianza Machi 2007, na leo mteja wa gesti hategemei kadi ya benki. Anatarajia simu iite, aweke PIN, amalize. Ukiweza kuunganisha hilo na tovuti, bei yako inapanda na unastahili.

Safaricom ilifungua Daraja mwaka 2017. Ni mlango ambao tovuti yako inapitia kuomba na kupokea malipo. Unajiandikisha bure, unapewa mazingira ya majaribio yenye namba ya biashara ya kujifunzia, 174379, na unaweza kufanya mazoezi hata kabla hujapata mteja. Ukiwa tayari kwa pesa za kweli, Till au Paybill inatakiwa iwe ya mwenye biashara, na yeye ndiye anayeidhinisha. Usimwekee mteja Till yako "kwa muda". Pesa za wageni wake zikianza kuingia kwako, siku mkikosana hata mzee wa mtaa hatakuelewa.

Kuna makosa mawili ambayo wanaoanza huyafanya sana, na yote mawili yanaweza kula pesa ya mtu.

La kwanza: kuweka zile funguo za siri za Daraja ndani ya JavaScript ya ukurasa. Kila anayefungua ukurasa anaweza kuusoma msimbo wake kwa kubonyeza mara mbili tu. Funguo zikae kwenye seva, na ukurasa uiombe seva ifanye kazi. Hii pia inamaanisha ukurasa mtupu wa HTML hautoshi, unahitaji seva halisi yenye anwani ya https, maana majibu ya malipo yanaletwa huko.

La pili ni baya zaidi kwa sababu linaonekana kama limefanya kazi. Msafiri anachagua chumba cha 1,500, anaandika namba yake ya simu, anabonyeza "Lipa". Seva yako inatuma ombi kwa Daraja, na papo hapo Daraja inajibu kwa namba 0. Wewe unaona 0, unafurahi, tovuti inaandika "Asante, umelipa". Lakini 0 hiyo haisemi amelipa. Inasema tu kwamba ombi limepokelewa na simu yake itaulizwa PIN. Huenda akaghairi. Huenda simu imezima. Huenda hana salio la kutosha. Saa nne usiku anafika Salama, anaonyesha "Asante, umelipa", na mama wa gesti anatazama simu yake haoni kitu. Nani atalala nje?

Jibu la kweli linakuja baadaye kidogo, kama taarifa ya pili inayoletwa kwenye anwani uliyoitaja. Humo ndani matokeo yakiwa 0, basi pesa imeingia, na utakuta namba ya risiti ile ile iliyo kwenye ujumbe wa mteja. Yakiwa 1032, mteja alighairi. Yakiwa 1037, simu yake haikupatikana au hakujibu kwa wakati. Yakiwa 1, salio halikutosha. Mpaka taarifa hiyo ifike, ukurasa uandike "Tunasubiri malipo yako", si zaidi. Isipofika, kwa sababu mtandao ni mtandao, seva yako iulize yenyewe hali ya muamala badala ya kukisia. Na namba ya risiti ihifadhi hivi kwamba haiwezi kutumika mara mbili, la sivyo mtu mmoja atalipa chumba kimoja na kulala viwili.

Tumia siku mbili nzima kujaribu haya. Ghairi mwenyewe, zima simu mwenyewe, weka PIN isiyo sahihi, bonyeza "Lipa" mara tatu kwa haraka kama mtu aliyechoka. Kisha mwonyeshe mama wa gesti kila moja inavyoonekana kwake. Sijaona njia bora ya kumfanya mtu alipe salio lake kwa furaha.

Wateja wa nje, KRA na majina ya watu

Ukipata mteja wa Uingereza au Marekani, lugha ya pesa inabadilika lakini kanuni ni ile ile: kazi imeandikwa, sehemu imelipwa mbele. Tangu 2018 unaweza kutoa pesa ya PayPal kwenda M-Pesa, na kuna wanaotuma moja kwa moja hadi kwenye simu. Piga hesabu ya kiwango cha kubadilisha dola pamoja na ada zote kabla hujataja bei. Dola 100 haziwi dola 100 zikifika Salama.

KRA usiikimbie. Ukiwa na PIN ya KRA unatakiwa kuwasilisha ritani kila mwaka kabla ya Juni 30 kuisha, hata kama hukupata kitu mwaka huo. Ukifanyia kampuni kazi ya kitaalamu, inaweza kukukata asilimia 5 ya malipo na kuipeleka KRA kwa jina lako. Usiibishie, lakini dai cheti chake, maana hiyo ni kodi uliyokwisha lipa. Jina la biashara unalisajili kupitia eCitizen bila kusafiri, na ukiwa nalo, shule na ofisi zinakuwa tayari zaidi kukulipa.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui: tovuti ya gesti inayochukua jina na namba ya simu ya mgeni inaguswa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Chukua yale tu yanayohitajika, usiyaache wazi, na usimpe rafiki yako orodha ya namba "atangaze biashara kidogo".

Tovuti ikishafunguliwa

Domeni isajiliwe kwa jina la mwenye biashara, si lako, hata kama wewe ndiye unayeishughulikia. Najua kuna mafundi wanaoishikilia makusudi ili mteja asiende kwingine. Inafanya kazi mara moja. Salama si mji mkubwa, na habari hiyo itafika Sultan Hamud kabla yako.

Kuna njia ya haki ya kubaki na mteja, nayo ni kumtunzia tovuti kwa ada ndogo ya kila mwezi: kubadilisha bei za vyumba, kuangalia kama malipo yanapita, kuweka nakala ya akiba. Tuseme 1,000 kwa mwezi. Wateja wanane wa namna hiyo ni 8,000 unayoitegemea hata mwezi ambao hakuna tovuti mpya, na ndiyo itakayokuwezesha kumwacha yule wa "tutaongea" aende zake.

Domeni na seva hulipiwa kila mwaka, na tovuti nyingi ndogo huzimika siku mtu aliposahau. Weka tarehe kwenye kalenda ya simu, mwezi mmoja mapema. Siku hiyo mtumie ujumbe:

"Habari mama, poleni na kazi. Jina la tovuti na seva vinaisha tarehe 14 mwezi ujao. Ni 5,000 kwa mwaka mwingine. Ukituma kwa Till ile ile nitalipia na kukuletea risiti siku hiyo hiyo. Pia nimeona wageni wengi wanauliza pa kuegesha lori, niongeze kwenye ukurasa wa mwanzo?"